Kutoka Kipimo Hadi Shambani: Kazi ya Mtetezi wa Mazingira Katika Nchi ya Haneti

Utangulizi

Wanafunzi wa sekondari aghalabu huniuliza: mtu aliyesoma biolojia, kemia au jiografia aweza kufanya kazi gani nje ya darasa na maabara? Nikiwatajia mashirika ya kutetea mazingira, baadhi yao hucheka. "Hao twawaona mikutanoni tu," mmoja aliniambia, "wakivaa fulana na kupiga picha na miche." Swali lililomo katika kicheko hicho ni la haki, nalo lastahili jibu. Katika makala haya nitajaribu kueleza kazi hiyo ni nini, yahitaji elimu gani, na ni wapi hukosea. Mfano wangu utakuwa nchi ya Haneti, katika Wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa mji wa Dodoma, na majirani zake wa nyanda za kati.

Nchi yenyewe

Nyanda za Dodoma hupata wastani wa milimeta 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka. Karibu mvua yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ni kiangazi chenye upepo mkavu. Wenyeji wake, Wagogo, tangu zamani ni wakulima wa mtama na uwele na wafugaji wa ng'ombe na mbuzi. Watu wanaoishi kwa mvua kidogo namna hiyo hawana nafasi kubwa ya kukosea. Kumbukumbu ya njaa kubwa iliyotokea mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, ambayo Wagogo huiita Mtunya, imepokezanwa kwa vizazi kadhaa.

Hebu msomaji afanye hesabu ndogo. Milimeta 1 ya mvua ikinyesha juu ya meta 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Hekta 1 ina meta za mraba 10,000. Basi mvua moja ya milimeta 30 hulipatia shamba la hekta 1 lita 300,000. Kama nusu ya maji hayo yatatiririka juu ya ardhi na kutokomea korongoni, mkulima atakuwa amepoteza lita 150,000, yaani ndoo 7,500 za lita 20, kwa mvua moja tu. Hivyo swali la nchi ya Haneti si kiasi gani cha mvua kinanyesha tu, bali pia ni kiasi gani kinaingia ardhini.

Vipimo vya Mpwapwa

Swali hilo lilipimwa zamani, tena si mbali na hapa. Katika miaka ya 1930, mtafiti R. R. Staples alitenga vipande vya ardhi huko Mpwapwa, juu ya mteremko wa wastani. Kila kipande kilizungushiwa kingo ili maji na udongo vinavyotoka vikusanywe na kupimwa. Matokeo yake yalichapishwa tena na wanajiografia Anders Rapp na wenzake mwaka 1972, walipokuwa wakichunguza mmomonyoko wa udongo na kujaa tope kwa mabwawa ya karibu na Dodoma, likiwamo bwawa la Ikowa.

Matokeo yalikuwa hivi. Ardhi tupu isiyo na mmea ilipoteza karibu nusu ya maji yote ya mvua, na takriban tani 146 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Shamba la uwele lilipoteza karibu robo ya maji na takriban tani 78 za udongo. Ardhi yenye majani ilipoteza kiasi cha asilimia 2 tu ya maji. Kichaka kisicholishwa mifugo kilipoteza chini ya asilimia 1. Katika vipande hivi viwili vya mwisho udongo uliopotea ulikuwa kidogo mno hata ukahesabiwa kuwa sifuri.

Tani 146 ni mzigo wa malori 20 na ushei ya tani 7. Na udongo unaotangulia kuondoka ndio ule wa juu, wenye mboji na rutuba.

Hapa lazima tujiulize swali gumu. Ikiwa jambo hili lilipimwa karibu karne moja iliyopita, tena katika nchi hii hii, kwa nini makorongo yaliendelea kupanuka? Si kwa kukosa kipimo. Kipimo kilikuwapo, kimeandikwa kwa Kiingereza ndani ya taarifa zilizowekwa kabatini. Baina ya kabati hilo na shamba la uwele kuna njia ndefu, na ni katika njia hiyo mtetezi wa mazingira hufanyia kazi yake.

Njia ya amri

Njia ya kwanza iliyojaribiwa ilikuwa amri. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa sehemu nyingi za Tanganyika kuchimba matuta na kupunguza mifugo. Watu waliichukia kazi hiyo, na baada ya Uhuru matuta mengi yaliachwa.

Mwaka 1973 Serikali ya Tanzania ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, lenye ukubwa wa kilometa za mraba 1,256. Wanyama walioondolewa walikuwa takriban 90,000. Mwaka 1986 hatua kama hiyo ilichukuliwa Mvumi, ambayo leo imo katika Wilaya ya Chamwino pamoja na Haneti.

Kwa macho ya mwanabotania, Kondoa ilifaulu. Majani yalirudi, miti ikachipua, na makorongo mengi yakatulia. Lakini mwanasayansi mkweli hana budi kupima na upande wa pili wa mizani. Familia zilizokuwa na maziwa zilikosa maziwa. Mashamba yaliyopata samadi yalikosa samadi. Na mifugo iliyohamishwa ilikwenda kulisha kwenye ardhi ya watu wengine. Ilibidi muongo mmoja upite ndipo ng'ombe wachache wa kufungwa zizini walipoanza kuruhusiwa. Amri iliponya udongo, lakini gharama yake ililipwa na watu ambao hawakuulizwa.

Njia ya ushawishi

Shirika lisilo la kiserikali haliwezi kutoa amri. Halina polisi, halina mahakama, wala halitozi kodi. Tanzania ina sheria maalumu ya mashirika hayo tangu mwaka 2002. Neno "lisilo la faida" halina maana kwamba wafanyakazi wake hawalipwi mishahara. Maana yake ni kwamba fedha inayobaki haigawanywi kwa wenye hisa, bali hurudishwa katika kazi. Nguvu pekee ya shirika kama hilo ni kuaminiwa. Ataaminiwa yule tu ambaye maneno yake yaweza kuhakikishwa na wengine.

Somo hili sikulipata chuoni. Nililipata karibu na Haneti, tena kwa aibu.

Miaka michache baada ya kurudi nyumbani kutoka masomoni ng'ambo, nilijitolea katika chama kimoja kidogo cha mazingira. Tulipeleka miche mingi kijijini. Nikawasalimu wananchi, "Mbukwenyi!", wakaitikia kwa furaha, kisha nikatoa hotuba ndefu juu ya hewa ya kaboni na majira ya dunia. Miche ikapandwa, picha zikapigwa, taarifa ikaandikwa. Niliporudi baada ya kiangazi cha pili, miche iliyosalia hai ilikuwa ya kuhesabika kwa vidole.

Bibi mmoja mzee alinichukua hadi shambani kwake. Akanionyesha kisiki cha mgunga kilichokatwa zamani na ambacho kila mwaka jembe lilikikwangua. Pembeni mwake machipukizi yalikuwa yamejaa, ya kijani, katikati ya Oktoba. Akaniambia, "Mwanangu, mmetuletea watoto wachanga wakati wa kiangazi, na mama zao mmewakanyaga."

Kabla sijapata la kujibu akaongeza, "Na hiyo miti ikikua, ndege watakaokula uwele wangu utawafukuza wewe?" Swali hilo la kweleakwelea halikuwamo katika hotuba yangu wala katika taarifa yetu.

Sayansi ya kisiki hai

Bibi yule alikuwa sahihi kwa sababu zinazoelezeka. Mche uliotoka kitaluni una mizizi midogo iliyozoea udongo laini na maji ya kila siku. Ukihamishiwa shambani, majani yake huendelea kutoa mvuke ilhali mizizi haijafikia unyevu wa chini. Udongo wa juu ukikauka, maji yanayotoka huzidi yanayoingia, na mche hufa.

Kisiki ni kinyume chake. Shina limekatwa, lakini mizizi ya mti mzima ingali hai chini ya ardhi, imeenea mbali na kwenda chini, nayo imehifadhi wanga. Chini ya gome pana vichipukizi vilivyolala. Mti unapokuwa mzima, ncha ya shina hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka na kuzuia vichipukizi hivyo visiamke. Ncha ikikatwa, kizuizi huondoka, na vichipukizi vingi huamka pamoja, vikilishwa na wanga wa mizizi.

Kwa nini basi kisiki hakiwi mti? Kwa sababu machipukizi mengi hushindana, mbuzi huyala, na jembe huyafyeka kila msimu. Dawa yake ni rahisi. Mkulima huchagua machipukizi mawili au matatu yaliyo imara na yaliyonyooka, hukata mengine, hupogoa matawi ya chini hadi nusu ya kimo, hufunga kipande cha kitambaa ili kila mpitaji ajue kwamba mti huo unatunzwa, kisha huulinda na kuupogoa mara kwa mara. Hakuna kitalu wala kumwagilia. Kisu au panga kali latosha.

Njia hii ilipata sifa kubwa nchini Niger. Mwaka 1983, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, baada ya kuona miche yake mingi ikifa katika eneo la Maradi, alianza kuwashawishi wakulima watunze visiki. Baadaye zaidi ya hekta milioni 5 za Niger zilipata miti tena, sehemu kubwa kwa kazi ya wakulima wenyewe. Hapa Dodoma, shirika la LEAD Foundation, likishirikiana na shirika la Justdiggit la Uholanzi, lilianza mwaka 2018 kueneza njia hiyo kwa jina la Kisiki Hai. Na Shinyanga, mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulijengwa juu ya ngitili, yaani desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ili yapumzike.

Je, swali la ndege? Lilitulazimu kurudi na kujifunza. Baadhi ya wakulima waliacha miti kwenye mipaka na kwenye makorongo, mbali na uwele. Wengine waliipogoa juu sana ili isiwe na vichaka vya ndege kulala. Wengine waliona afadhali waiache katika malisho tu. Hatukupata jibu moja kwa wote. Lakini tangu siku ile nimejua kwamba mtetezi huchukua mizigo miwili: hupeleka vipimo shambani, na huleta maswali ya shamba maabarani. Abebaye mzigo mmoja tu huwa amefanya nusu ya kazi.

Kutetea mbele ya sheria

Si kila jambo humalizwa kwa mkulima kushawishiwa. Pengine madhara hutoka kwa mwenye nguvu zaidi, na hapo mtetezi huigeukia sheria. Mfano unaojulikana ni wa Tabata, Dar es Salaam. Mwaka 1988 wakazi wa huko walilishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya jalala lililotoa moshi na harufu mbaya. Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Lugakingira, iliwapa haki. Hawakuwa wanasheria wala wanasayansi. Walikuwa watu waliovuta moshi ule kila siku. Mwaka 1994 kilianzishwa chama cha wanasheria watetezi wa mazingira, LEAT, na mwaka 2004 ikatungwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Kifungu cha 4 champa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na ya afya. Kifungu cha 5 chamwezesha kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa.

Lakini haki mbele ya mahakama huhitaji ushahidi, na ushahidi hutengenezwa mapema. Turudi Haneti tuone kwa nini.

Vilima vya Haneti vina miamba ya namna ya pekee, yenye magnesiamu na chuma kwa wingi, na silika kidogo. Humo hupatikana krisopresi, jiwe la kijani linalopendwa na wauza vito. Rangi yake ya kijani yatokana na nikeli. Katika miaka ya karibuni kampuni zimechoronga miamba ya huko zikitafuta nikeli yenyewe, madini yatumikayo katika chuma kisichoshika kutu na katika betri za magari ya umeme.

Sasa tuchukulie kwamba siku moja mgodi mkubwa unafunguliwa, na baada ya miaka 5 maji ya kisima cha jirani yanakutwa na nikeli. Wanakijiji watasema imetoka mgodini. Kampuni itasema imetoka katika miamba, ambayo imekuwa na nikeli tangu zamani za kale. Nani atakuwa amesema kweli? Kemia peke yake haiwezi kuamua kwa urahisi, isipokuwa kama kuna mtu aliyepima maji yale kabla ya mgodi kufunguliwa na kuweka kumbukumbu. Kipimo hicho cha awali ni kinga ya wote: humlinda mwanakijiji asidhulumiwe, na huilinda kampuni isisingiziwe. Sheria ya 2004 yataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wasikilizwe. Mwananchi aliye na kumbukumbu zake mwenyewe husikilizwa vizuri zaidi.

Vishawishi vya kazi hii

Ningekuwa si mkweli kama ningeificha hatari iliyomo ndani ya mashirika yenyewe. Fedha zao mara nyingi hutoka kwa wafadhili wa mbali, na mfadhili hupenda tarakimu kubwa. Kishawishi cha kwanza ni kuhesabu miche iliyopandwa badala ya miti iliyo hai baada ya miaka mitatu. Nasi tulifanya hivyo. Kishawishi cha pili ni kutia chumvi ili watu waogope. Uongo mmoja ukigunduliwa, ukweli kumi hukataliwa pamoja nao. Cha tatu ni kusema kwa niaba ya wanakijiji kabla ya kuwauliza, yaani kurudia kosa la amri kwa sauti ya upole.

Kijana atakaye kazi hii ajue basi kwamba siku zake nyingi hazitakuwa za hotuba. Atapanda pikipiki kwenda kijijini, na kuambiwa kwamba mkutano umeahirishwa kwa sababu ya msiba. Atahesabu visiki juani. Ataandika mahesabu ya fedha hadi senti ya mwisho. Atatafsiri taarifa ya kurasa 60 iwe maelezo ya ukurasa mmoja yasiyopotosha. Takwimu, uandishi mzuri wa Kiswahili, na lugha ya wenyeji vitamfaa sawasawa na kemia.

Kazi za kufanya shuleni

1. Kipimo cha mtiririko. Tengeni vipande viwili vya ardhi kwenye mteremko, kila kimoja meta 1 kwa 2. Kimoja kiachwe na majani, kingine kifyekwe. Vizungusheni kwa mabati yaliyofukiwa kidogo, na chini ya kila kipande wekeni chombo cha kukusanya maji. Kumbukeni kwamba milimeta 10 za mvua zitakipa kila kipande lita 20. Chombo kisiwe kidogo. Pimeni maji, kisha yaacheni yatuame na mkaushe tope na kulipima uzito. Linganisheni na matokeo ya Mpwapwa.

2. Hesabu ya visiki. Katika shamba au malisho, kwa idhini ya mwenyewe, pimeni mraba wa meta 50 kwa 50. Hesabuni visiki vyenye machipukizi. Zidisheni kwa 4 mpate idadi kwa hekta. Andikeni majina ya miti kwa Kigogo, Kirangi au lugha ya mahali penu.

3. Kumbukumbu za kisima. Kila mwezi pimeni kwa kamba kina cha maji katika kisima kimoja. Andikeni tarehe, rangi na harufu ya maji. Daftari hilo likabidhiwe kwa darasa linalofuata, wala lisitupwe mwisho wa mwaka.

4. Maswali kwa wazee. Ulizeni wazee watatu: ni miti gani iliyokuwapo walipokuwa watoto, na kwa nini ilikatwa? Msiwasahihishe, andikeni.

5. Mjadala. Kondoa ya mwaka 1979 iliponya ardhi kwa amri. Je, ingewezekana kuiponya kwa ushawishi kabla haijaharibika zaidi? Kila upande utoe ushahidi, na mwenye kutoa tarakimu aseme aliipata wapi.

Mwalimu akiweza kufanya moja tu kati ya hizi, nashauri afanye ya tatu. Haihitaji fedha, na huenda siku moja daftari hilo la shule likawa ndilo kumbukumbu pekee ya maji ya kijini hicho yalivyokuwa hapo kale.